Hukumu ya Sigara: Ikhtilafu ya Wanazuoni wa Kale, Ushahidi wa Matabibu na Funzo la Samunge

  

Katika miezi ya mwanzo ya mwaka 2011, kijiji cha Samunge, katika nchi ya Wasonjo, eneo la Loliondo, wilaya ya Ngorongoro, kilipokea maelfu kwa maelfu ya wagonjwa kutoka kila pembe ya Tanzania na nchi jirani. Walifuata kikombe cha dawa iliyochemshwa kwa mizizi ya mti uitwao mugariga. Dawa hiyo ilitolewa kwa shilingi 500 na mchungaji mstaafu wa KKKT, Ambilikile Mwasapile, ambaye nchi nzima ilimwita Babu. Alisema ameoteshwa dawa hiyo na Mungu, na magonjwa yaliyotajwa kuwa inayaponya ni UKIMWI, kisukari, shinikizo la damu, pumu na saratani. Foleni ya magari ilifika kilomita nyingi, na baadhi ya wagonjwa walifariki wakiwa katika foleni hiyo kabla ya kukifikia kikombe.

Walikwenda watu wa dini zote, Waislamu wakiwemo. Yapo maswali ya kifiqhi kuhusu kikombe chenyewe, na tutayagusa mbele. Lakini lipo swali linalotangulia: mtu anayesafiri siku kadhaa kutafuta dawa ya saratani, anasemaje juu ya kitu kinacholeta saratani, kinachouzwa dukani karibu na mlango wa msikiti wake? Saratani ya mapafu ndiyo saratani inayoua watu wengi kuliko zote duniani. Mwaka 2022 peke yake iliua watu wapatao milioni 1.8, na sababu yake kuu ni sigara. Hata hivyo, Muislamu anayevuta akikatazwa hujibu upesi: "Wanazuoni wamehitilafiana."

Jibu hilo lina asili katika vitabu. Kwa hiyo inatupasa tuirejee historia yake, tujue wanazuoni walihitilafiana juu ya nini hasa, na kama jambo walilohitilafiana juu yake bado lipo.

Tumbaku yaingia katika nchi za Kiislamu

Tumbaku haikujulikana kwa Masahaba, wala kwa Matabiina, wala kwa Maimamu wanne (R.A.). Ni mmea wa Amerika, uliopelekwa Ulaya katika karne ya 16 na kufika nchi za dola ya Uthmaniya karibu na mwaka 1600. Najmud-Din al-Ghazzi, mwanachuoni wa Kishafii wa Damascus aliyefariki mwaka 1651, ameeleza kuwa ilizuka katika mji wake mwaka 1015 Hijria. Kwa hiyo wanazuoni wa zama hizo walikabiliwa na jambo jipya kabisa, lisilo na nassi inayolitaja kwa jina.

Wakagawanyika. Al-Ghazzi aliiharamisha kwa hoja kwamba, hata kama hailevi, inalegeza mwili, na katika hadithi ya Ummu Salama (R.A.) Mtume (S.A.W.) alikataza chenye kulevya na chenye kulegeza. Huko Misri, Ibrahim al-Laqani wa madhehebu ya Malik aliandika risala ya kuwanasihi ndugu zake waiepuke. Al-Qalyubi, Mshafii aliyefariki mwaka 1659 na ambaye hashiya yake inasomwa mpaka leo, naye aliiharamisha.

Upande wa pili alikuwepo Ali al-Ujhuri, naye Mmaliki wa Misri, aliyefariki mwaka 1656. Aliandika kitabu cha kuihalalisha kwa yule ambaye haimuondolei akili. Kisha akaja Abdul-Ghani an-Nabulsi wa Damascus, aliyeandika risala mashuhuri ya kuithibitisha ibaha yake. Hoja yao ilisimama juu ya asili: vitu asili yake ni halali mpaka ije dalili ya kuviharamisha.

Watawala nao waliingia. Sultani Murad IV aliipiga marufuku mwaka 1633 na kuwaua waliokaidi. Miaka michache baada ya kifo chake, Sheikhul-Islam wa Istanbul, Bahai Mehmed Efendi, akatoa fatwa ya kuiruhusu. Yeye mwenyewe alikuwa mvutaji.

Kwetu Afrika Mashariki hali ilikuwa hivyo hivyo. Wanazuoni wa Kiibadhi wa Oman walijulikana kwa ukali wao juu ya tumbaku. Mashafii wa Pwani walirithi ikhtilafu ya vitabu vyao kama ilivyo, na wengi wakakaa katika kauli ya makuruhu.

Walihitilafiana juu ya nini?

Hapa ndipo mwanafunzi wa elimu anapotakiwa asome kwa utulivu. Ukizitazama kauli hizo utaona kwamba makundi yote mawili yalikubaliana juu ya kanuni. Hakuna aliyesema kwamba kitu chenye kudhuru ni halali. Aliyeharamisha alisema kinadhuru. Aliyehalalisha alisema hakijathibiti kuwa kinadhuru, au kinamdhuru mtu fulani tu, na huyo kitakuwa haramu kwake. Al-Ujhuri mwenyewe, pamoja na kuihalalisha, alimtoa katika uhalali huo yule ambaye inamdhuru.

Sisi tuliosoma Fat-hul-Qarib madrasa tunaijua hashiya ya Sheikh Ibrahim al-Bajuri, aliyekuwa Sheikh wa Al-Azhar na kufariki mwaka 1860. Kauli aliyoitegemea ni kuwa tumbaku ni makuruhu, na wengi huishia hapo wanapomtaja. Lakini al-Bajuri ameendelea kusema kuwa huenda ikawa haramu, akataja sura mbili: mtu anapoinunua kwa fedha inayohitajika kwa matumizi ya watu wake wa nyumbani, na mtu anapokuwa na yakini ya madhara yake. Bughyatul-Mustarshidin, kitabu cha Sayyid Abdur-Rahman al-Mashhur wa Tarim kinachotegemewa sana na Mashafii wa Pwani, nacho kimenukuu maana hiyo hiyo: haikupokewa hadithi juu yake, lakini kwa yule ambaye inamdhuru akili au mwili, ni haramu.

Basi illa ya ikhtilafu ilikuwa jambo la kushuhudiwa: je, inadhuru au haidhuru? Hilo si swali la lugha wala la nassi. Ni swali la tiba, na tiba ya karne ya 17 haikuwa na njia ya kulijibu.

Wala tusiwalaumu. Tumbaku ya zama zao ilivutwa kwa kiko au kwa maji, kwa kiasi kidogo, na moshi wake mkali ulikaa zaidi kinywani. Sigara tuijuayo leo ilienea baada ya Mmarekani James Bonsack kubuni, miaka ya 1880 na 1881, mashine iliyoweza kutoa sigara 120,000 kwa saa kumi. Tena tumbaku ya mvuke, ile inayokaushwa kwa joto katika mabani, hutoa moshi laini ambao mvutaji huweza kuuteremsha mpaka ndani ya mapafu. Na maradhi yenyewe hayaji mara moja. Kati ya kuanza kuvuta na kutokea uvimbe hupita miaka 20, 30 au zaidi. Ni nani angeweza kuiunganisha sababu na matokeo kwa jicho tupu?

Jinsi madhara yalivyothibiti

Mwaka 1912 tabibu Isaac Adler wa New York aliandika kitabu kizima juu ya saratani ya mapafu, akaeleza kuwa ni miongoni mwa maradhi adimu kabisa. Miaka 40 haikupita ila maradhi hayo yakawa yanajaza wodi za Ulaya na Marekani. Matabibu wakajiuliza sababu. Wengine walidhani ni moshi wa magari, wengine lami ya barabara.

Mwaka 1950 zilitoka tafiti mbili mashuhuri. Huko Marekani, Ernst Wynder, akiwa bado mwanafunzi wa udaktari, na mwalimu wake Evarts Graham waliwachunguza wagonjwa 684. Huko London, Richard Doll na Austin Bradford Hill waliwahoji wagonjwa katika hospitali 20. Walichukua wanaume 649 wenye saratani ya mapafu, wakawalinganisha na wanaume 649 wenye maradhi mengine. Miongoni mwa wenye saratani ya mapafu, wasiovuta kabisa walikuwa 2. Miongoni mwa wale wengine walikuwa 27. Na kadiri mtu alivyovuta sigara nyingi kwa siku, ndivyo hatari ilivyozidi.

Hawakuishia hapo. Mwaka 1951 waliwaandikia barua madaktari wa Uingereza, wakajibiwa na wapatao 40,000, wakaanza kuwafuatilia mwaka hadi mwaka ili waone nani atakufa na kwa maradhi gani. Ufuatiliaji wa wanaume katika kundi hilo ulidumu miaka 50. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2004, Doll akiwa na umri wa miaka 91, yalionyesha kuwa wavutaji wa kudumu walikufa mapema kuliko wasiovuta kwa wastani wa miaka 10 hivi.

Evarts Graham ni mazingatio peke yake. Alikuwa bingwa wa upasuaji, wa kwanza kufaulu kuondoa pafu zima la mgonjwa wa saratani, mwaka 1933. Alikuwa mvutaji, na mwanzoni hakuamini kuwa sigara ndiyo sababu. Takwimu zake mwenyewe zilipomkinaisha, akaacha. Lakini alikuwa amekwisha kuvuta miaka mingi, na mwaka 1957 alifariki kwa saratani ya mapafu.

Mwaka 1962 Chuo cha Kifalme cha Matabibu cha London, na mwaka 1964 Daktari Mkuu wa serikali ya Marekani, Luther Terry, walitangaza rasmi kuwa sigara inasababisha saratani ya mapafu. Mwaka 1981 Takeshi Hirayama wa Japan alionyesha kuwa wake wasiovuta, walioolewa na wavutaji, nao hupata maradhi hayo zaidi kuliko wake wa wasiovuta. Maabara nazo zimeeleza njia yenyewe: ndani ya moshi wa sigara zimo kemikali zipatazo 70 zijulikanazo kusababisha saratani, na baadhi yake huharibu vinasaba vya chembe za mapafu mpaka chembe hizo zikaota bila mpaka.

Msomaji aliyesoma elimu ya hadithi atautambua mpangilio huu. Habari ikija kwa njia nyingi, kutoka nchi mbalimbali, kwa watu ambao ada inazuia wasikubaliane juu ya uongo, hutoa yakini. Habari ya madhara ya sigara imekuja kwa walinganishaji, kwa wafuatiliaji, kwa maabara, na kwa walioacha wakaonekana hatari yao ikishuka. Mvutaji ana hatari ya kupata saratani ya mapafu au kufa kwayo mara 15 hadi 30 kuliko asiyevuta. Hiyo ndiyo yakini ya madhara aliyoishurutisha al-Bajuri.

Kampuni za sigara zililijua hilo, na zikajitahidi kuirudisha shubha. Mwezi Januari 1954 kampuni za Marekani zilitoa tangazo katika magazeti zikidai kuwa jambo halijathibiti. Ziliendelea hivyo kwa miongo kadhaa, mpaka mwaka 2006 mahakama ya Marekani, chini ya Jaji Gladys Kessler, ikahukumu kuwa ziliwadanganya watu. Kwetu biashara hii ilikuja mapema: kampuni ya British American Tobacco ilifika Mombasa mwaka 1907. Na miongoni mwa sigara zilizouzwa Tanzania kwa miaka mingi imo iitwayo Crescent & Star, mwezi na nyota, alama ambazo Waislamu huziweka juu ya misikiti yao.

Fatwa zafuata ushahidi

Wanazuoni wa zama hizi hawakukaa kimya. Sheikh Yusuf al-Qaradawi, katika kitabu chake cha halali na haramu kilichotoka mwaka 1960, alilitundika jambo juu ya sharti: ikithibiti kuwa tumbaku inamdhuru mtumiaji, ni haramu. Mufti wa Saudi Arabia, Sheikh Muhammad bin Ibrahim, aliyefariki mwaka 1969, aliandika fatwa ya kuiharamisha. Mwaka 1988 ofisi ya Shirika la Afya Duniani iliyokuwa Alexandria ilichapisha mkusanyo wa fatwa za wanazuoni wakubwa wa Misri juu ya hukumu ya kuvuta, na kauli ya kuharamisha ikawa ndiyo yenye nguvu.

Huku hakukuwa kubadilisha dini. Kanuni ilikuwa ile ile tangu al-Ujhuri na al-Laqani. Aya ya 195 ya Suratul-Baqara inatukataza kujitia katika maangamizo, aya ya 29 ya Suratun-Nisaa inatukataza kujiua nafsi zetu, na Mtume (S.A.W.) ametukataza kudhuru na kulipiza dhara kwa dhara. Kilichobadilika ni ujuzi wetu juu ya kitu chenyewe. Hukumu huizunguka illa yake, ikiwepo na isipokuwepo. Anayeinukuu leo kauli ya ibaha au ya makuruhu na kuiacha illa yake, hajamfuata mwanachuoni huyo. Amechukua nusu ya maneno yake.

Atakayesema, "Haya ni maneno ya madaktari wasio Waislamu," na atazame milango ya tayamamu na saumu katika vitabu vyetu. Mafuqahaa wamekubali neno la tabibu mmoja muaminifu kuwa linatosha kumuacha mgonjwa asitumie maji au ale mchana wa Ramadhani. Ikiwa tabibu mmoja anatosha kuathiri namna ya kutekeleza nguzo, vipi matabibu wa dunia nzima, Waislamu na wasio Waislamu, waliokubaliana kwa zaidi ya miaka 60, wasitoshe katika pumbao la sigara? Na atakayesema, "Babu yangu alivuta mpaka akafika miaka 80," aambiwe kuwa si kila asiyejua kuogelea akiingia baharini huzama. Lakini hakuna faqihi atakayemruhusu kuingia kwa hoja ya wale walionusurika.

Mizani ya Samunge

Sasa turudi Samunge. Uislamu haukatazi dawa za miti. Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kutafuta tiba na kutufahamisha kuwa kila ugonjwa una dawa isipokuwa uzee. Basi mti wa mugariga wenyewe si tatizo. Swali ni la ushahidi: ni nani aliyewahesabu waliokunywa na kuwalinganisha na wasiokunywa? Ni nani aliyewafuatilia mwaka mzima akaona waliobaki hai? Ilithibitishwa tu kwamba kinywaji hakikuwa sumu. Haikuthibiti kuwa kinaponya saratani, wala UKIMWI. Baadhi ya wagonjwa waliacha dawa zao za hospitali kwa kukitegemea kikombe, na hali zao zikawa mbaya. Kuponya kwa kuoteshwa hakuwi hujja ya kisheria, kwani ndoto ya asiyekuwa Mtume haithibitishi hukumu. Na tumepokea katika Sunan ya Abu Daud kuwa mwenye kutibu hali ya kuwa hajulikani kwa elimu ya tiba ni mdhamini wa anachokiharibu. Mzee Mwasapile alifariki mwezi Julai 2021, miaka mingi baada ya misafara ile kwisha, na hatumtaji kwa kumsimanga. Mazingatio ni yetu sisi tuliokuwa tukimtazama.

Mazingatio ni haya: mtu aliyeambiwa kwa ushahidi wa miaka 60 kuwa sigara inaua, akasema, "Bado kuna shaka," kisha akaambiwa kwa habari za njiani kuwa kikombe kinaponya, akafunga safari bila shaka yoyote, amezigeuza mizani. Penye yakini ameweka shaka, na penye shaka ameweka yakini. Na kanuni ya fiqhi ni kwamba yakini haiondolewi kwa shaka.

Ndugu msomaji, saratani ya mapafu ni ya hila. Mwanzo wake mara nyingi hauna dalili. Mgonjwa akianza kukohoa damu na kukonda, huenda imekwisha kuenea, na katika nchi zetu si mara chache hudhaniwa kuwa kifua kikuu. Ndiyo maana kinga yake ni bora kuliko kikombe chochote, na mwenye kikohozi kilichozidi wiki mbili aende hospitali mapema.

Wajibu wa maimamu

Kwanza, hukumu isemwe pamoja na illa yake, ili vijana wasidhani kuwa ni ukali wa masheikh. Jamhuri ya Muungano imekuwa na sheria ya kudhibiti bidhaa za tumbaku tangu mwaka 2003, na iliridhia mkataba wa kimataifa wa udhibiti wa tumbaku mwaka 2007. Isiwe serikali imesema na mimbari imenyamaza.

Pili, asemwe pia mkulima, lakini kwa hekima. Huko Urambo na Tabora kwa jumla, maelfu ya ndugu zetu Waislamu wanasomesha watoto kwa zao hili, lililoingizwa huko tangu miaka ya 1950 baada ya kufeli mradi wa karanga wa serikali ya kikoloni. Mtu hatolewi katika chumo lake kwa hotuba moja. Anayemkataza na amsaidie kutafuta zao jingine.

Tatu, mvutaji asikatishwe tamaa. Utafiti ule ule wa madaktari wa Uingereza umeonyesha kuwa aliyeacha akiwa na miaka 60 alipata wastani wa miaka 3 ya kuishi zaidi ya ambayo angeipata, aliyeacha akiwa na 50 alipata 6, akiwa na 40 alipata 9, na aliyeacha akiwa na 30 aliikwepa karibu hatari yote, yaani miaka 10. Umri uko mikononi mwa Allah (S.W.), naye ameweka sababu na kutuamrisha tuzishike. Mvutaji anayefunga Ramadhani hukaa bila sigara tangu alfajiri mpaka magharibi kwa siku 29 au 30. Basi nafsi yake imekwisha kutoa ushahidi kuwa inaweza. Na mwezi huo ukiisha, asiseme kuwa ameshindwa na kitu alichokishinda kila mchana kwa mwezi mzima.

Nne, watazamwe wa nyumbani. Fedha ya pakiti ni fedha ya unga na daftari za watoto, na hiyo ndiyo sura ya kwanza aliyoitaja al-Bajuri. Na moshi wenyewe unawafikia mke na watoto ambao hawakuuchagua. Hapo dhara limeshavuka nafsi ya mvutaji, na haki za watu hazisamehewi mpaka wenyewe wasamehe.

Wallahu A'lam. Wabillahit-tawfiq.